Husuni Kubwa ya Kilwa: Ngome au Kasri?

Juu ya genge la bahari, mashariki ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, yako magofu yaitwayo Husuni Kubwa. Neno husuni asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ngome. Lakini alitazamaye jengo lenyewe haoni dalili nyingi za vita.

Mwenye jengo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, zama ambazo dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Jina lake lilionekana katika jiwe la maandishi lililofukuliwa humo wakati wa uchimbuzi wa Neville Chittick. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu kwa ukarimu wake.

Jengo lina vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini upo ua mpana uliozungukwa na vyumba vidhaniwavyo kuwa ghala za bidhaa; upande wa kaskazini yapo makazi, behewa lenye safu za ngazi za kukalia, na birika la pembe nane. Kuba na umbo la nyua zake hufanana na majumba ya kifalme ya nchi za Kiislamu za mbali, na kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi wa zamani waliyahesabu majengo ya namna hii kuwa ni kazi ya wageni.

Hoja hiyo haitoshelezi. Mfano waweza kusafiri pamoja na mabaharia, bali kazi ya mkono ni ya mahali. Kuta ni za matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kwa matumbawe hayo hayo. Wala upana wa vyumba haukuamuliwa na mfano wowote wa ng'ambo, bali na urefu wa boriti zilizobeba dari. Huo ndio ujenzi wa pwani tangu kale.

Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa, wala haikukaliwa muda mrefu. Ngome ya vita ililetwa na Wareno, walioutwaa mji mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512. Kwa hiyo jina la husuni lisimdanganye msomaji: al-Hasan alijenga kasri na soko chini ya dari moja, kwani nguvu ya Kilwa ilikuwa katika biashara.