Kanieneo ya Maji Katika Boila ya Nyumbani

Nyumba nyingi za Uingereza zina boila ya gesi: sanduku jeupe lililotundikwa ukutani, jikoni au ndani ya kabati. Hupasha moto maji ya kuogea, na pia yale yanayozunguka kwenye rejeta za vyumbani wakati wa baridi. Mbele yake pana geji ndogo yenye mshale, au kioo chenye tarakimu. Waswahili wanaoishi huko hulazimika kuisoma geji hiyo, na wanapompigia simu ndugu au fundi kueleza shida, kila mmoja hutumia neno lake. Jambo hili si dogo, kwa sababu neno analolishika mtu ndilo linalomwelekeza pa kutafuta hitilafu.

Maneno tunayo matano. Presha ni neno la mitaani, lakini ukisema mtu ana presha, wote wataelewa kuwa anaumwa. Shinikizo limekaa hospitalini, katika shinikizo la damu, na magazetini, ambako vyama na wanaharakati huweka shinikizo kwa serikali. Mgandamizo ni la watabiri wa hali ya hewa wanapotaja mgandamizo mdogo wa hewa. Msukumo ni la mamlaka za maji, zinapotangaza kwamba mitaa fulani itapata maji kwa msukumo mdogo. La tano ni kanieneo, neno la vitabu vya fizikia, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo.

Wengi wakiona maji huchukua msukumo. Kwa bomba la jikoni, neno hilo linafaa kabisa, maana pale maji yanatoka kwa nguvu au kwa unyonge. Ndani ya boila hali ni nyingine. Maji ya rejeta yamefungwa katika mzunguko wake yenyewe, hayachanganyiki na ya bombani. Zima boila, pampu isimame, maji yatulie tuli: geji bado itaonyesha 1 au zaidi. Hakuna kinachosukumwa kwenda popote, ila kila sehemu ya ukuta wa bomba inabeba kani. Anayefikiri kwa msukumo atafungua bomba la bafuni, ataona maji yanatoka vizuri, na kuamua boila ni nzima. Mwingine bafu lake likitiririka kinyonge atakimbilia kuongeza maji kwenye mzunguko wa rejeta, jambo lisilomsaidia hata kidogo.

Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inayolikandamiza. Kipimo chake rasmi ni paskali, kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662), yaani nyutoni 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Paskali ni ndogo mno, kwa hiyo geji za boila hutumia bari: bari 1 ni paskali 100,000, karibu sawa na uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita 1 ya mraba. Sifuri ya geji haimaanishi utupu, bali kwamba kanieneo ya ndani imelingana na ile ya hewa ya nje.

Boila iliyopoa kwa kawaida husoma kati ya bari 1 na 1.5. Ikiwaka, mshale hupanda kidogo, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 70 za Selsiasi huongezeka kwa zaidi ya lita 2, na maji hayakubali kubanwa. Ndiyo maana mfumo una tangi la mtanuko, lililogawanywa katikati kwa kiwambo cha mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa au naitrojeni. Maji yakitanuka hukisukuma kiwambo, nayo gesi hukubali kubanwa.

Tukishika maana hiyo, dalili zinasomeka. Mshale ukishuka polepole kwa wiki kadhaa, maji yanapotea: kagua vali za rejeta na viungo vya mabomba, tafuta unyevu, kutu au alama nyeupe ya maji yaliyokauka. Ukishuka mara baada ya kutoa hewa kwenye rejeta, hilo ni la kawaida; ongeza maji boila ikiwa imepoa, kupitia mpira wa kujazia, huo wenye wavu wa chuma na koki kila upande.

Mshale ukipanda hadi 3 boila inapowaka, kisha ukaanguka karibu na sifuri ikipoa, shaka ya kwanza ni tangi la mtanuko. Gesi yake imeisha au kiwambo kimepasuka, maji hayana pa kutanukia, na vali ya usalama, ambayo kwa kawaida hufunguka kwenye bari 3, inayamwaga nje. Tazama bomba dogo la shaba lililochomoza kwenye ukuta wa nje: likidondosha maji, vali imefunguka. Kuongeza maji kila asubuhi hakutibu chochote, maana yatamwagwa tena jioni. Tangi hilo lina vali kama ya tairi. Fundi akiibonyeza na maji yakatoka badala ya hewa, kiwambo kimekufa.

Mshale ukipanda hata boila ikiwa imezimwa na kupoa, maji yanaingia kutoka bomba kuu. Funga vizuri koki zote mbili za mpira wa kujazia, kisha uuondoe. Ukiendelea kupanda, huenda ni kibadilisha joto cha ndani kilichotoboka.

Kwa hiyo nashauri hivi. Katika miongozo, kamusi na tafsiri, tuandike kanieneo, na tulitumie katika ngeli ya I-ZI: kanieneo ya maji imepanda. Msukumo tuuachie bomba la jikoni na la bafuni. Katika mazungumzo, presha iendelee, mradi anayeitumia ajue inapima nini. Nawe msomaji, kabla ya kumpigia fundi simu, andika namba mbili: geji inavyosoma boila ikiwa imepoa, na inavyosoma ikiwa moto. Ila kifuniko cha boila usikifungue. Kwa sheria za Uingereza, kazi ya gesi ni ya fundi aliyeandikishwa Gas Safe Register, na sheria hiyo huokoa maisha.