Historia Fupi ya Walezi wa Watoto na Vyeti Vyao



Katika taarifa yetu ya kila mwaka twazoea kuandika habari za fedha, maziko na karo. Mwaka huu tumeonelea vema kuongeza habari za walezi wa watoto, kwa kuwa swali moja limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu: Mama aliyelea watoto wa majirani hapa Free Area miaka mingi, kwa nini leo aambiwe alete cheti na leseni? Swali hili halijibiwi kwa hasira. Hujibiwa kwa kutazama njia tuliyopita.

Zamani ulezi ulikuwa kazi ya ukoo mzima, ndiyo maana wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Mambo yaligeuka wazazi walipokwenda kuajiriwa katika mashamba ya walowezi. Katika miaka ya 1940 baadhi ya mashamba ya kahawa, chai na miwa katika Kenya yalianza kuweka mahali pa kukusanyia watoto, mama zao wapate kufanya kazi. Aliyewalinda hakuulizwa masomo. Ilitosha watoto wasiungue na wasipotee. Huko Uingereza sheria ya kuandikisha walezi wa mchana ilitungwa mwaka 1948, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari kuja kwetu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wengi wa Kikuyu walitolewa katika Bonde la Ufa wakarudishwa makwao, na kuanzia mwaka 1954 wenyeji wa Jimbo la Kati wakasongamanishwa vijijini. Wanaume wengi walikuwa vizuizini, na wanawake walitolewa kwenda kazi za lazima. Watoto wakakusanywa katika nasari za vijiji, wakapewa uji na kutunzwa. Wako wazee kati yetu wasiohitaji kusimuliwa habari hizi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, nasari zilienea kwa nguvu za Harambee. Wazazi walijenga chumba, wakachanga, wakamtafuta mwalimu. Kazi ilikuwa kubwa, lakini mafunzo yalikuwa haba. Hapo ndipo, mwaka 1971, Serikali ilipoanzisha mradi wa elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Bernard van Leer Foundation ya Uholanzi. Mwaka 1980 nasari zilihamishiwa chini ya Wizara ya Elimu, mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu hiyo, na mwaka 1985 vikafuata vituo vya wilaya.

Twapenda wanachama waangalie jinsi mafunzo yale yalivyopangwa. Mwalimu hakutakiwa kuiacha kazi. Alisoma kwa miaka miwili, akikutana na wakufunzi wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na shule zilipofunguliwa alirudi kwa watoto wake. Mpango huo ulitambua kuwa mlezi kwanza ni mtu wa kazi, kisha ni mwanafunzi. Hata hivyo karo ilimwelemea mwalimu ambaye mshahara wake ulitoka katika michango ya wazazi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Sheria ya mwaka 2012 ya Tume ya Kuajiri Walimu inamtaka kila mwalimu aandikishwe, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka shule ziandikishwe. Kwa hiyo anayetaka kuongoza chekechea hana budi kuwa na walimu waliosoma na kuandikishwa, na majengo yaliyokaguliwa na bwana afya. Wapishi nao sharti wapimwe na daktari. Makao ya mayatima yana mlango wake mwingine, chini ya sheria za watoto. Lakini nyumba ya kulea watoto wachanga mchana ni jambo ambalo sheria ililichelewea. Kaunti ya Nairobi ilijitungia sheria yake mwaka 2017.

Wako wanaosema kuwa nyanya zetu walilea bila karatasi, na tukakua. Ni kweli. Lakini nyanya alilea wajukuu wake, uani, na shangazi wakiwa karibu. Mlezi wa leo huenda akawa na watoto ishirini wa watu asiowajua, katika chumba kimoja, na jiko la makaa mlangoni. Nyanya hakupata kuwa na mzigo huo. Mama anayeondoka alfajiri kwenda sokoni ana haki ya kujua kwamba mlezi aweza kutambua homa kali, na kwamba mlango wa pili upo moto ukizuka.

Lakini twasema pia kwamba kufunga nyumba bila kumsaidia mlezi hakumwokoi mtoto. Mama asiye na pa kumwacha humfungia ndani, au humzuia dada yake asiende shule.

Historia hii yatuonyesha kuwa kila mara kazi ilitangulia na cheti kikafuata, na gharama ya cheti ikamwangukia mwanamke mwenye kipato kidogo. Kwa hiyo twaomba mkutano mkuu ulifikirie jambo hili: sehemu ya mfuko wa karo itolewe kwa mkopo usio na riba kwa walezi wa mtaa wetu wanaotaka kusoma wakati wa likizo, na wazee wawili wateuliwe kuwasindikiza kwa maofisa wa elimu na wa afya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wanaowalea watoto wetu nao ni watu wa Chama hiki.

Kwa niaba ya Kamati,
Karani wa Chama