Mguu Kifundo: Eksirei Ilipovipa Vidole Nafasi

Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, madaktari wa mifupa walipata walichokitamani siku zote: kuona ndani ya mwili bila kisu. Baadaye wakaanza kupima. Hiram Kite wa Atlanta, Marekani, bingwa wa kutibu watoto waliozaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizogeukia ndani, alichora mstari mmoja kupitia mfupa wa talusi na mwingine kupitia mfupa wa kisigino. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake, na kwa kawaida huwa nyuzi 20 hadi 40.

Kwa mtoto mchanga, hesabu hiyo ina walakini mkubwa. Sehemu kubwa ya unyayo wake bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni kiini tu cha mfupa, tena mara nyingi hakikai katikati. Kiini cha talusi hukaribia kuwa duara. Mstari upitishwe wapi? Navikula, mfupa unaohama sana katika ulemavu huu, huwa hauonekani kabisa mpaka mtoto afikishe miaka miwili, mitatu au zaidi. Tena mtoto analia, anarusha mguu, na unyayo ukigeuka kidogo tu pembe nayo hubadilika. Madaktari wawili wakiipima picha moja hupishana. Zama ambazo upasuaji mkubwa ulikuwa jambo la kawaida, kupishana huko hakukuwa jambo dogo.

Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Menorca, Hispania, aliyefika Iowa, Marekani, mwaka 1941, aliamini vidole kuliko picha. Alipapasa kichwa cha talusi, akaunyoosha unyayo taratibu, akafunga hogo jipya la plasta kila wiki. Wenzake walichukua miongo kadhaa kumsikiliza.

Kisha daktari Shafique Pirani wa Kanada akatunga kipimo kisichohitaji mashine: dalili sita za kutazama na kupapasa, kila moja ikipewa 0, nusu au 1. Uchunguzi huru wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa wapimaji wakishazoea hukubaliana vizuri. Uganda imekitumia kipimo hicho pamoja na tiba ya Ponseti, hata katika kliniki zisizo na daktari bingwa.

Eksirei bado ina kazi yake kwa mtoto mkubwa. Lakini mzazi ukiona unyayo wa mtoto wako mchanga umegeukia ndani, mpeleke kliniki wiki hizohizo za kwanza, usisubiri picha.