Kwani kuitwa Mrundi ni tusi?

Nilipotea kidogo, mambo ya tesiti si mnayajua. Leo tuongee historia, maana kuna neno limenichosha. Sisi wa Kasulu na Kibondo tukifungua mdomo tu, mtu anacheka: "wewe Mrundi". Huko kwenye simu ndio balaa, wakimbizi wote eti wezi na majambazi.

Haya, tuanze mwanzo. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Buha na Burundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Mjerumani. Baada ya vita Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi, mpaka ukakatiza katikati ya watu wanaoelewana. Hakuna bibi yetu aliyeulizwa.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, Warundi wakamiminika kwetu. Zikaja kambi za Mtendeli, Nduta na Mtabila. Mtabila ilifungwa 2012, halafu 2015 Burundi ikachafuka tena na Nduta ikafunguliwa upya. Sikatai, mzigo ulikuwepo: misitu iliisha kwa kuni, na ujambazi wa bunduki uliwatesa wazazi wetu barabarani. Lakini hao hao wakimbizi walilima mashamba yetu kwa kibarua, na tukabadilishana nao mihogo kwa mafuta na maharage ya mgao. Jambazi ana jina lake, kosa lake si la kambi nzima.

Maneno yana kazi yake, jamani. Rwanda 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Desemba 2003, hapa hapa Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwatia hatiani watu watatu wa redio hiyo na gazeti la Kangura. Sisemi tumefika huko. Nasema ukishamwita mtu mdudu, huulizi tena kafanya nini.

Na usidhani linaishia kambini. Operesheni Kimbunga ya 2013 iliwavusha mpaka watu waliooa na kuzaa huku miaka mingi.

Kinachoniuma zaidi ni Waha wenzangu wanaomtukana mkimbizi ili waonekane Watanzania zaidi. Ukijibu kwa hasira "mimi si Mrundi!", umeshakubali kwamba kuwa Mrundi ni kosa. Mimi siku hizi nauliza tu: kwani akiwa Mrundi, kakukosea nini?

Wenzangu wa ualimu, TP inakuja. Mwanafunzi akimwita mwenzake hivyo darasani, utamjibuje? Niachieni maoni. Tupo pamoja.