Kilokalori kwa Gramu Mia: Lebo za Vyakula na Mnunuzi wa Mpanda

Katika mijadala ya lishe nchini ipo hoja iliyozoeleka mno: walaji hawasomi lebo za vyakula kwa kukosa elimu, kwa hiyo dawa ni kuwaelimisha. Makala haya yanaipinga hoja hiyo kwa kuangalia Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Dai langu ni kwamba mnunuzi wa Mpanda ni hodari wa vipimo. Lebo ndiyo inayompa namba isiyomhusu.

Kuhusu namba yenyewe hakuna ubishi wa kutuchelewesha. Kalori ya kwenye lebo ni kilokalori, sawa na kilojuli 4.184. Gramu ya wanga au protini huhesabiwa kuwa na kilokalori 4, ya mafuta 9, kwa njia iliyotokana na majaribio ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19. Ubishi unaanzia hapa: kilokalori ngapi katika nini? Mwongozo wa 1985 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unataka thamani zitolewe kwa gramu 100 au mililita 100, na unaruhusu pakiti nzima itajwe pale inapokuwa ya kuliwa mara moja. Ruhusa hiyo haitumiki inavyostahili.

Sasa tuingie dukani Makanyagio au Kashaulili. Sukari inauzwa robo, mafuta ya kula yanapimwa kidogokidogo, mahindi yanapelekwa mashineni kwa debe. Mama anayeendesha kaya anajua debe litamfikisha lini, na akipunjwa anatambua papo hapo. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema hajui hesabu. Mpe soda ya kawaida ya mililita 350, yenye kilokalori 42 hivi kwa mililita 100. Mpe na karanga, zenye kilokalori 567 hivi kwa gramu 100. Akiwa amefundishwa kwamba kalori nyingi ni hatari, atamnunulia mtoto soda. Lakini chupa ile ikiisha, na ni nani huibakiza, mtoto amekunywa kilokalori 147, karibu zote za sukari: gramu 37 hivi, sawa na vijiko vidogo tisa. Fungu la karanga la gramu 25 lina kilokalori 142, karibu sawasawa na chupa, ila ndani yake mna gramu 6 za protini, pamoja na mafuta ambayo mtoto anayekua anayahitaji. Lebo imesema kweli, na bado imempoteza. Kumfundisha kuisoma namba ileile, hata mwaka mzima, hakubadilishi kitu.

Kwa Katavi hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na kwa karibu nusu yao mkoani Rukwa, ambako Katavi ilimegwa mwaka 2012. Hii ni mikoa inayolima mahindi kwa wingi! Utafiti wa lishe wa 2018 nao ulikuta asilimia 31.7 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Hali zote mbili zaweza kukaa katika kaya moja, na namba moja ya nishati haiwezi kumshauri mama na mtoto wake kwa pamoja.

Nitaambiwa kwamba gramu 100 humsaidia mlaji kulinganisha bidhaa. Ni kweli kwa anayelinganisha unga na unga, na namba hiyo ibaki. Nitaambiwa pia kwamba chakula kingi cha Mpanda hakina lebo kabisa. Sawa, lakini ugali na maharage watu wanavijua. Kinachoshushwa kwenye malori yanayopita lami ya Tabora ndicho kinachopaswa kujieleza. Chile, tangu 2016, imelazimisha alama nyeusi za pembe nane kwenye vyakula vilivyoongezwa sukari, chumvi au mafuta vikapita kiasi. Karanga tupu haziguswi.

Shirika la Viwango Tanzania, lililopokea usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, linaweza kuanza na sharti moja: kila pakiti au chupa inayomalizwa na mtu mmoja itaje usoni jumla ya nishati yake, na sukari iliyoongezwa kwa vijiko. Naamini sharti hilo litawafaa walaji wa Katavi kuliko semina zote za kusoma lebo. Kama litapunguza udumavu ni swali jingine, maana udumavu huanza tangu ujauzito na soda ni sehemu ndogo tu ya chanzo chake.