Uchunguzi wa Roketi za Vizuka, Stockholm (1946)

Roketi za vizuka, kwa Kiswidi spökraketer, ni jina lililopewa mianga na vitu vya kuruka vilivyoripotiwa mwaka 1946 katika anga ya Uswidi na, kwa kiasi kidogo zaidi, katika nchi jirani za Kaskazini. Kati ya Mei na Desemba ziliorodheshwa ripoti zinazokadiriwa kufikia 2,000. Mwezi Julai Makao Makuu ya Majeshi jijini Stockholm yaliunda kamati maalumu chini ya Kanali Bengt Jacobsson. Desemba kamati hiyo ilitamka kwamba, pamoja na juhudi zote, haikupata ushahidi halisi kuwa roketi zilijaribiwa juu ya ardhi ya Uswidi. Wapo waliolichukua tamko hilo kuwa ukwepaji wa serikali iliyomwogopa jirani mwenye nguvu, Muungano wa Kisovieti. Ukweli ni kwamba lilikuwa jibu sahihi, na thamani yake ni kuwa wanajeshi waliokuwa na kila sababu ya kuogopa walikataa kuigeuza hofu yao kuwa ushahidi.

Hofu yenyewe haikuwa ya kipumbavu. Tarehe 13 Juni 1944 roketi ya Kijerumani ya V-2, iliyorushwa kutoka Peenemünde, ilipotea njia na kuanguka Bäckebo, kusini mwa Uswidi; mabaki yake yalipelekwa Uingereza kuchunguzwa. Mwaka uliofuata jeshi la Kisovieti liliiteka Peenemünde. Ofisa wa Stockholm aliyesoma ripoti ya mwanga unaopita kasi kuelekea kaskazini alikuwa na haki ya kuuliza kama Moscow ilikuwa inajaribu silaha mpya na kuitishia nchi isiyofungamana na upande wowote. Hata hivyo, swali lililoandaliwa mapema huandaa pia jibu. Katika majira ya baridi ya 1933 na 1934 wakazi wa Norrland, kaskazini mwa Uswidi, waliripoti mianga ya usiku na ngurumo za injini, wakaamini ni ndege za kigeni. Aprili 1934 Meja Jenerali Pontus Reuterswärd alitangaza hadharani kwamba hapakuwa na shaka yoyote: ndege zilikuwa zinaruka kinyume cha sheria juu ya maeneo ya siri ya jeshi. Hakuna ndege hata moja iliyokamatwa. Miaka 12 baadaye, watu wa nchi ileile walitazama anga na kuona roketi. Jicho hupokea mwanga tu. Mabawa au mkia wa roketi huongezwa na habari zinazozungumzwa wakati huo.

Ushahidi wa 1946 unaelekea huko. Ripoti hazikuja kwa mtiririko wa kawaida, bali zilirundikana katika siku chache, hasa 9 Julai na 11 Agosti. Tarehe hiyo ya pili iko katika siku zilezile ambazo kila mwaka Dunia hukatiza vumbi la nyotamkia Swift-Tuttle, na vimondo vya Perseidi huonekana kwa wingi. Vipande vilivyookotwa mahali paliposemwa kuwa pameanguka roketi, vilipopimwa, vilionekana kuwa vitu vya kawaida kama mabaki ya makaa na taka za tanuri. Ipo pia hoja ya umbali. V-2 iliweza kuruka kama kilomita 320, kiasi cha kufika Bäckebo, ilhali kutoka Peenemünde hadi Stockholm ni zaidi ya kilomita 600, na Norrland iko mbali zaidi ya hapo. Wasovieti wenyewe walirusha V-2 yao ya kwanza tarehe 18 Oktoba 1947, huko Kapustin Yar, mbali sana na Bahari ya Baltiki.

Pingamizi zito zaidi linahusu rada: mashine haina hofu wala haisomi magazeti, na baadhi ya matukio yalinaswa kwa rada. Lakini kimondo kinapoungua huacha nyuma yake hewa iliyochajiwa umeme, na hewa hiyo hurudisha mawimbi ya rada. Jambo hili liligunduliwa Uingereza na James Hey, ambaye rada zake, zilizotegeshwa kuzinasa V-2, zilikuwa zikitoa tahadhari za uongo. Pingamizi la pili ni ziwa Kölmjärv, kaskazini kabisa, ambako mnamo 19 Julai mashahidi waliona kitu kikitumbukia majini. Kikosi kilichoongozwa na Karl-Gösta Bartoll kilipekua kwa wiki kadhaa, kikakuta sakafu ya ziwa imevurugwa lakini hakikupata kipande. Bartoll alibaki na imani kwamba kitu hicho kilikuwa cha metali nyepesi kilichosambaratika. Inawezekana. Ila dhana inayoeleza kwa nini ushahidi haupo haiwezi yenyewe kuhesabiwa kuwa ushahidi. Hivyo ndivyo yanavyopaswa kupimwa hata yale matukio machache ambayo kamati ilikiri kwamba haikuweza kuyaeleza: yanaonyesha upungufu wa taarifa, wala hayathibitishi kuwapo kwa mgeni angani.

Lawama inayowastahili wakuu wa Stockholm ni nyingine. Mwishoni mwa Julai magazeti yalizuiwa kutaja mahali roketi zilipoonekana, ili mrushaji, kama alikuwapo, asijue zilikofika. Kijeshi agizo hilo linaeleweka. Lakini lilimwambia msomaji kwamba pana siri, likamnyima njia ya kulinganisha ripoti na kugundua kuwa mji wake na mji ulio mbali iliona kimondo kimoja. Mwezi uliofuata Jenerali Mmarekani James Doolittle alifika Stockholm, na uvumi ukapata chakula kipya.

Wala haifai kudhani kwamba kila tuhuma ya namna hii ni bure. Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti U 137 ilikwama kwenye miamba karibu na kambi ya wanamaji ya Karlskrona, ikaonekana na kila mtu. Lakini mwaka 1995 tume ya serikali iliyopitia misako ya nyambizi ilikuta kwamba baadhi ya sauti zilizodhaniwa kuwa za nyambizi zilitoka kwa wanyama wadogo waogeleao. Mafaili ya kamati ya 1946 yaliondolewa usiri katika miaka ya 1980, na yanahifadhiwa katika Krigsarkivet, hifadhi ya nyaraka za kijeshi jijini Stockholm.