Saa 72 za Arizona

SEHEMU YA KWANZA

Kocha Grady Little alitoka kibandani akakanyaga nyasi za Yankee Stadium, na kule Boston watu wakashusha pumzi. Hatimaye! Anakwenda kumtoa Pedro.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2003, mchezo wa saba na wa mwisho kati ya Boston Red Sox na New York Yankees. Mshindi angekwenda World Series, fainali kuu ya besiboli ya Marekani, na aliyeshindwa angefungasha virago. Boston waliingia raundi ya nane wakiongoza 5-2. Pedro Martínez, mrushaji wao nambari moja, alikuwa amekwisha kurusha mipira 100 hivi na mkono ulianza kuchoka. Derek Jeter akampiga. Bernie Williams akampiga. Ikawa 5-3. Pembeni, warushaji wawili wa akiba, Alan Embree na Mike Timlin, walikuwa wamekwisha kupasha misuli, wanangoja kuitwa tu.

Little akafika kwenye kichuguu, pale anaposimama mrushaji. Akamuuliza Pedro kama bado anaweza. Pedro akasema anaweza. Mrushaji gani wa kiwango chake angesema hawezi, mbele ya watu elfu hamsini na kitu wanaomzomea? Kocha akageuka, akarudi kibandani peke yake.

Hideki Matsui akampiga. Jorge Posada naye akaugusa mpira vibaya, ukaruka kama usiotaka, ukadondoka mahali ambapo hakuna mtu wa Boston aliyeweza kuufikia, na ubao ukasoma 5-5. Saa sita usiku ikapita. Raundi ya kumi na moja, Aaron Boone, aliyeuanza usiku ule akiwa benchi, akaukuta mpira wa kwanza wa Tim Wakefield katika raundi hiyo na kuutupa kwenye viti vya mashabiki upande wa kushoto. 6-5. Kwisha habari.

Siku kumi na moja baadaye Little hakuwa na kazi.

Boston nzima ilimlaumu yeye, na mimi sitajisumbua kumtetea. Lakini kijana mmoja ofisini mwa klabu aliujua ukweli mwingine uliouma zaidi. Theo Epstein alikuwa na miaka 29, meneja mkuu aliyekabidhiwa kiti mwaka mmoja tu nyuma, mtoto wa Brookline, mji ulio jirani na uwanja wa Fenway, aliyekua akiishabikia timu hiyo hiyo aliyoajiriwa kuiponya. Timu yake haikushindwa kwa kukosa wapigaji. Msimu ule wa 2003 wapigaji wa Boston waliivunja rekodi ya nguvu za upigaji iliyowekwa na Yankees wa 1927, kikosi cha Babe Ruth mwenyewe, yule yule ambaye Boston walimuuza New York na tangu hapo hawakuwahi kuwa mabingwa. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1918.

Kilichokosekana ni mkono wa pili.

Kwa msomaji wa soka hili linahitaji maneno mawili matatu. Mrushaji anayeanza mchezo hafanyi kazi kila siku. Akirusha leo, mkono wake hupumzishwa siku nne ndipo arudi, kwa hiyo katika msimu wa michezo 162 kila timu hubeba warushaji watano wa kuanza. Nguvu ya mmoja hodari humezwa na wanne wa kawaida. Ifikapo Oktoba hesabu hugeuka. Mfululizo wa michezo saba una siku za mapumziko katikati, na timu yenye warushaji wawili wa kutisha inaweza kuwatumia hao wawili tu katika zaidi ya nusu ya michezo. Arizona walilithibitisha hilo mwaka 2001. Katika fainali dhidi ya Yankees, Curt Schilling na Randy Johnson walianza michezo mitano kati ya saba, Johnson akatoka tena benchi kuumalizia mchezo wa saba, na michezo yote minne ambayo Arizona walishinda ilikuwa ya siku ambazo mmoja wa hao wawili ndiye aliyeanza. Wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Epstein alikuwa na Pedro. Alihitaji mwenzake Pedro.

Akafungua orodha. Sokoni, miongoni mwa wachezaji huru waliomaliza mikataba, kulikuwa na Bartolo Colón, bonge la mtu mwenye mpira wa kasi, ambaye angetaka mkataba mrefu na fedha nyingi (Anaheim ndio waliokuja kumpa, miaka minne kwa dola milioni 51). Kulikuwa na Andy Pettitte wa Yankees, aliyetoka kushinda michezo 21. Kumchukua huyo kungekuwa raha maradufu, kwani unajijenga huku unambomoa jirani. Kulikuwa na Greg Maddux, fundi wa miaka 37 ambaye ubora wake wa kutisha ulikuwa nyuma yake. Nyumbani alikuwapo Bronson Arroyo, kijana aliyetoka kurusha mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza, ila huko kulikuwa Pawtucket, daraja la chini, na Pawtucket si Yankee Stadium.

Tatizo la sokoni ni moja na halijabadilika hadi leo: unalipia sifa za jana. Mkono wa mrushaji ni kano na mishipa, na hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia mwaka wa nne wa mkataba.

Fedha zenyewe zilikuwa zimebanwa. Manny Ramírez, mpigaji wao mkuu, alikuwa na mkataba wa miaka minane wa dola milioni 160, na mwishoni mwa Oktoba Boston walifanya jambo lililowaacha watu midomo wazi: walimweka wazi kwa klabu yoyote imchukue bure, mradi ibebe mshahara wake. Klabu zote zikatazama pembeni.

Ikabaki njia ya kubadilishana. Montreal walikuwa na Javier Vázquez, kijana, mzima wa afya, na klabu yake wakati huo ilimilikiwa na ligi yenyewe kwa kukosa mnunuzi. Na Arizona, waliotaka kupunguza mishahara, walikuwa tayari kuzungumza kuhusu Schilling. Huyu alitimiza miaka 37 mwezi wa Novemba. Mwaka 2002 alishinda michezo 23. Mwaka 2003 aliumia, akashinda minane tu na kupoteza tisa, lakini Epstein na watu wake hawakuwa wa kudanganywa na hesabu hiyo: katika raundi 168 alizorusha, aliwatoa wapigaji 194 kwa kuwakosesha mpira. Mkono ulikuwa bado unauma, yaani unawauma wengine.

Epstein akaweka alama kwenye jina hilo. Ndipo msaidizi yeyote makini angemkumbusha kifungu kilichomo kwenye mkataba wa Schilling. Hahamishwi bila ridhaa yake. Na alikwisha kutaja klabu mbili tu ambazo angekubali kwenda.

Ya kwanza ilikuwa Philadelphia, alikochezea miaka mingi.

Ya pili ilikuwa New York Yankees.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Boston wamempata mtu wanayemtaka, lakini ufunguo wa mlango uko mfukoni mwake, na jicho lake liko New York. SASA ENDELEA...

Mkono mtupu haulambwi, na Joe Garagiola Jr., meneja mkuu wa Arizona, hakuwa mtu wa kulamba mkono mtupu. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba kwa Yankees aliomba wawili: Alfonso Soriano na Nick Johnson. Yaani nusu ya safu ya ndani ya uwanja, vijana wote wawili. Brian Cashman, meneja mkuu wa Yankees, akaona bei imepanda mno, akasita.

Kusita huko ndiko kulikompa Epstein upenyo.

Hakuwa na Soriano wa kutoa. Alichokuwa nacho ni mikono michanga. Casey Fossum, mrushaji mwembamba wa mkono wa kushoto, ambaye Boston waliwahi kusemwa kuwa wamemng'ang'ania hata Montreal walipomtaka ili wamwachie Colón. Brandon Lyon, ambaye Julai ya mwaka ule Pittsburgh walimchukua, wakalalamikia kiwiko chake, naye akarudi Boston kabla mwezi haujaisha. Jorge de la Rosa, kijana wa Mexico ambaye hakuwa amecheza ligi kuu hata siku moja. Na mchezaji wa nne, wa madaraja ya chini, wa kutajwa baadaye. Ukiipanga orodha hiyo mbele ya shabiki wa Arizona aliyemwona Schilling akiwaangusha Yankees mwaka 2001, atakutukana. Lakini Garagiola hakuwa akinunua majina. Alikuwa akiuondoa mshahara wa dola milioni 12, na hao wanne walimtosha.

Makubaliano kati ya klabu yakafikiwa. Ofisi ya kamishna ikawapa Boston saa 72 za kuzungumza na Schilling uso kwa uso. Dirisha lingefungwa jioni ya Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Wakishindwa kukubaliana naye, kila kitu kinafutwa, na simu ya Cashman inaanza kulia tena.

Sasa tazama kalenda. Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Mmarekani hakubali kuitwa kazini, siku ya bata mzinga na ndugu waliosafiri usiku kucha. Epstein akapanda ndege kwenda Arizona pamoja na msaidizi wake, Jed Hoyer, kijana mwenzake wa miaka 29. Wakabisha hodi kwa Schilling.

Mwenye nyumba hakuwa na wakala. Hapo ndipo kesi ilipokuwa ngumu kuliko ilivyoonekana. Wakala hutaka asilimia yake, kwa hiyo hutaka mkataba usainiwe; unajua pa kumbana. Schilling alijiwakilisha mwenyewe. Alikuwa mtu anayeandika kumbukumbu za kila mpigaji aliyekutana naye na kuzihifadhi kwenye kompyuta, na alijadili mkataba kwa mtindo ule ule aliorushia mpira, kwa takwimu na kwa kujiamini kulikokaribia ubishi.

Pingamizi lake la kwanza lilikuwa uwanja. Fenway, uliofunguliwa mwaka 1912, una ukuta wa kijani upande wa kushoto, umbali wa mita 94 hivi tu kutoka kwa mpigaji. Schilling alikuwa mrushaji ambaye mipira yake, ikipigwa, huruka juu. Mtu wa aina hiyo kwenye ukuta ulio karibu namna ile? Anajitafutia kaburi, ndivyo ilivyosemwa miaka yote. Vijana wa Boston hawakuja na maneno matamu. Walikuja na hesabu, na kwa mtu kama huyu hilo lilikuwa heshima kubwa kuliko maua. Ukuta ule uko karibu, ndiyo, lakini una urefu wa mita 11. Mipira mingi ambayo kwingine ingevuka, pale hugonga na kurudi uwanjani. Na upande wa kulia Fenway ina mashamba. Sifa ya uwanja na tabia ya uwanja ni vitu viwili.

Pingamizi la pili lilikuwa na jina la mtu. Kiti cha Little kilikuwa bado kitupu. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwemo Joe Maddon, na alikuwemo Terry Francona, aliyekuwa kocha wa Schilling kule Philadelphia kwa misimu minne na kuondoka bila msimu hata mmoja wa ushindi mwingi kuliko vipigo. Schilling alimtaka Francona. Epstein hakuweza kuahidi kiti cha ukocha ili ampate mrushaji. Angefanya hivyo, nani angekuwa bosi Boston? Wala hakuweza kusema hapana.

Ipo pia historia ndogo ambayo inanichekesha kila ninapoifikiria. Klabu iliyomchagua Schilling kwa mara ya kwanza, mwaka 1986, ilikuwa Boston Red Sox. Mwaka 1988 wakampeleka Baltimore pamoja na Brady Anderson ili wampate Mike Boddicker. Miaka kumi na mitano baadaye, klabu ile ile iko sebuleni kwake inambembeleza arudi.

Siku ya Shukrani ikafika, mkataba haujapatikana. Mke wa Schilling, Shonda, akawakaribisha wageni mezani. Kwa hiyo meneja mkuu wa Red Sox na msaidizi wake wakala chakula cha sikukuu na familia ya mtu waliyekuwa wanabishana naye kuhusu mamilioni.

Ijumaa kukakucha. Fedha zilianza kukaribiana: miaka miwili zaidi ya nyongeza, dola milioni 25.5, na mwaka wa tatu wa hiari. Saa zikayoyoma. New York, Cashman hakuwa na la kufanya ila kusubiri jioni.

Ndipo mezani kikawekwa kifungu kimoja zaidi. Kilisema kwamba Boston wakitwaa World Series, mshahara wa Schilling utapanda. Kwa klabu ambayo haikuwa imetwaa taji hilo kwa miaka 85, kilionekana karibu utani. Mtu angeweza kukisaini huku akitabasamu. Ila bonasi inayofungwa kwenye ubingwa wa timu nzima haikuwa jambo la kawaida katika mikataba ya ligi ile, na kila mkataba lazima upite ofisi ya kamishna kabla dirisha halijafungwa.

Kalamu ilikuwa mezani. Je, ofisi ya kamishna itakipitisha kifungu kile, au itakirudisha wakati saa zimekwisha na mlango wa New York umefunguka?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO